Mayai Matatu ya Palladia

Mjadala wa kuzuia maiti kwa sababu ya deni la matibabu ukipamba moto, haichukui muda kabla mtu hajawataja watakatifu Kosma na Damiano. Safari hii, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ukizungumzwa kila kona ya Tanzania, hoja imerudi kwa sauti kubwa zaidi: hospitali za kanisa zinapata wapi ujasiri wa kudai fedha, ilhali waganga watakatifu ambao kanisa lenyewe linawaheshimu hawakupokea hata senti moja? Wanaouliza hivyo wana uchungu wa haki, na wengi wao wameuguza. Ila wamewasoma vibaya watakatifu wao. Simulizi ya Kosma na Damiano haikatazi malipo. Inakataza jambo jembamba zaidi na gumu zaidi, nalo ni kupatana bei na mtu ambaye roho yake iko mkononi mwako. Tofauti hiyo ikipotea, tunaishia kuwabana wasiohusika na kuwaachia wanaohusika.

Kwanza tuwajue. Kwa mapokeo, Kosma na Damiano walikuwa ndugu mapacha wenye asili ya Arabuni, waliolelewa na mama yao Theodota, wakafanya utabibu Aegeae, mji wa bandari huko Kilikia, mkoa uleule wa Tarso ya Mtume Paulo. Leo ni pwani ya kusini ya Uturuki. Walitibu watu na mifugo bila kudai ujira, ndiyo maana Wagiriki wakawaita Anargyroi, yaani wasiochukua fedha. Wakauawa katika mateso ya Kaisari Dioklesiano. Simulizi inasema walitoswa baharini, wakatupwa motoni, wakapigwa mawe na mishale, na yote yakashindikana mpaka upanga ulipokata shingo. Mwanahistoria mwenye tahadhari hatakufuata umbali huo. Atakachokubali ni kwamba huko Cyrrhus, kaskazini mwa Siria, waliheshimiwa tangu mapema sana, na kwamba kufikia karne ya 6 sifa zao zilikuwa zimefika kila mahali: Kaisari Justiniano aliwajengea upya kanisa Konstantinopoli akiamini wamemponya, na Papa Felix wa Nne, kati ya mwaka 526 na 530, akawapa kanisa katikati ya Roma, penye magofu ya majengo ya makaisari. Majina yao yamo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, mwishoni kabisa mwa orodha ya kwanza ya watakatifu. Bila shaka huko ndiko akina Kosmas na Damiani wetu, waliojaa kuanzia Moshi hadi Songea, walikookotewa majina.

Sasa tazama mji wenyewe. Aegeae haukuwa mahali pasipo na tiba. Ulikuwa na hekalu maarufu la Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, hekalu ambalo Eusebi, mwanahistoria wa kanisa, anaandika kwamba Kaisari Konstantino aliliangusha. Katika mahekalu ya namna hiyo mgonjwa alilala usiku akingoja mungu amtokee ndotoni. Ujira ulikuwepo. Kwenye hekalu kubwa kuliko yote, Epidauro, zimepatikana mbao za mawe za karne ya 4 kabla ya Kristo zilizochongwa habari za waliopona. Mojawapo ni ya mtoto aitwaye Euphanes, mwenye jiwe kwenye kibofu. Mungu akamuuliza: nikikuponya utanipa nini? Mtoto akajibu: vijifupa kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, akamponya. Inapendeza, na mimi husita kidogo kumlaumu mungu anayecheka na mtoto. Lakini ubao mwingine una habari ya Hermon wa Thasos, kipofu aliyefumbuliwa macho, akaondoka bila kuleta alichotakiwa. Mungu akamrudishia upofu. Hapo kicheko kimeisha. Swali aliloulizwa Euphanes kwa utani ndilo mkataba wenyewe: kwanza sema utatoa nini, na usipotoa ugonjwa unarudi. Katika mfumo huo afya ni rehani.

Ukiisoma habari ya Palladia ukiwa umetoka kwenye mbao hizo, inabadilika sura. Palladia alikuwa mwanamke aliyeugua muda mrefu, waganga wamemshindwa, mapacha wakamponya. Akataka kushukuru, wakakataa kama kawaida yao. Akangoja mpaka akampata Damiano peke yake, akamletea mayai matatu, akamsihi kwa jina la Utatu Mtakatifu ayapokee. Damiano akashindwa. Angelikataaje jambo aliloombwa kwa jina la Mungu? Akayapokea. Kosma aliposikia, alikasirika kiasi cha kuagiza kwamba wakifa asizikwe pamoja na ndugu yake. Mapacha waliotoka tumbo moja, wakafundishwa pamoja, wakazurura vijijini pamoja, sasa wanatenganishwa makaburi kwa mayai matatu. Siku ya maziko ilipofika, Wakristo wakasimama na mwili wasijue la kufanya, agizo la Kosma likiwafunga mikono. Ndipo akaja ngamia, akasema kwa sauti ya binadamu kwamba wasiwatenganishe. Wakazikwa pamoja.

Mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu habari hii huishia kwa Kosma: angalieni jinsi mtakatifu alivyochukia hata mayai matatu! Lakini simulizi haikuishia hapo. Imempa Kosma nafasi ya kusema, kisha ikampinga. Haikumpinga kwa mdomo wa askofu wala wa mwanasheria, ambao wangeweza kushukiwa kuwa na maslahi, bali kwa mdomo wa mnyama asiye na haja ya mayai. Uamuzi wa ngamia ni kwamba Damiano hakutenda dhambi. Na jambo ambalo hatukulitia maanani ni hili: watu wa zamani walipotaka kuonyesha ukali uliopita kiasi, walionyesha maiti iliyozuiwa isizikwe kwa sababu ya malipo. Tofauti na yetu ni kwamba ile ilizuiwa kwa sababu malipo yalipokelewa, na zetu huzuiwa kwa sababu hayajapokelewa.

Simpuuzi Kosma. Hoja yake ina mashiko, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje anaijua. Leo ni mayai matatu, kesho ni jogoo, keshokutwa mgonjwa asiye na jogoo anaanza kujiuliza kwa nini faili lake halionekani. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anamfahamu yule kuku aliyefungwa miguu anayeachwa mlangoni wiki mbili baada ya mtoto kupona, na anaifahamu pia ile “chai” inayoombwa kabla pazia halijavutwa. Kwa nje vinafanana, vyote vinatoka kwa mgonjwa kwenda kwa mhudumu. Kosma angefaa sana TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa: hataki kuachiwa kazi ya kupambanua shukrani na rushwa, anafunga mlango mzima. Kanuni isiyo na mwanya ni rahisi kuisimamia, na ndiyo nguvu yake. Kasoro yake ni kwamba inamnyima Palladia jambo ambalo kupona kwake kulimrudishia, yaani uwezo wa kutoa. Mtu aliyekuwa mzigo kwa nyumba nzima amesimama, ameingia bandani, ameokota mayai. Kumwambia arudi nayo ni kumwambia kwamba bado ni mgonjwa.

Kipimo basi kiko wapi? Kipo, na kiliandikwa katika karne ya 4, miongo michache tu baada ya mateso ya Dioklesiano. Karibu mwaka 368, Kaisari Valentiniano aliweka utaratibu wa madaktari wa mitaa ya jiji la Roma, waliolipwa posho kutoka kwenye mali ya umma. Sheria hiyo iliwakumbusha kwamba kwa kuwa wanakula cha wananchi, ni heri wawahudumie wanyonge kwa heshima kuliko kuwatumikia matajiri kwa aibu. Kisha ikaweka mpaka: waruhusiwe kupokea kile ambacho wenye afya wanatoa kwa huduma waliyopata, wasipokee kile ambacho walio hatarini wanaahidi ili wapone. Sijui sentensi ya kisheria inayomweleza Palladia vizuri kuliko hiyo. Mayai yake yalikuwa ya mtu mzima wa afya. Ahadi ya Euphanes, hata ikiwa ya vijifupa, ilikuwa ya mtu aliye hatarini. Sheria haikuuliza thamani ya kinachotolewa. Iliuliza kimetolewa lini, na aliyetoa alikuwa na uhuru kiasi gani wa kusema hapana.

Wanaotaka matibabu ya bure kabisa watanifungulia Mathayo 10:8, “mmepata bure, toeni bure.” Andiko ni zito, na ndilo lililowaongoza mapacha wetu. Lakini mistari miwili tu mbele, katika agizo lilelile, Bwana huyohuyo anasema “mtenda kazi astahili posho lake.” Hayo mawili yanapatana pale tu unapokubali kwamba posho litoke kwingine, si kwenye mfuko wa mwenye homa wakati anatetemeka. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anataka tabibu aheshimiwe, na anasema hupokea zawadi kutoka kwa mfalme. Kutoka kwa mfalme, angalia.

Na hapa ndipo watetezi wa “bure” wanapoteleza zaidi, kwa sababu hawaulizi nani analipa. Muujiza maarufu kuliko yote wa Kosma na Damiano, uliosimuliwa sana kuanzia karne ya 13, unahusu mtumishi wa lile kanisa lao la Roma ambaye mguu wake ulikuwa umeliwa na donda. Akiwa usingizini aliwaona watakatifu wakija na marhamu na vyuma vya upasuaji. Mmoja akamuuliza mwenzake: tukishaikata nyama hii iliyooza, ya kujazia tutapata wapi? Mwenzake akajibu kwamba leo amezikwa Mwethiopia kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro, tuchukue kwake. Wakakata, wakaunga. Mtu yule akaamka na miguu miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Watu walipokwenda kufukua kaburi, wakakuta maiti ya Mwethiopia haina mguu, na pembeni yake ule uliooza. Fra Angelico aliichora habari hiyo huko Florence karne ya 15, kwa gharama ya akina Medici, ukoo wa wenye benki uliowachagua watakatifu wasiogusa fedha kuwa wasimamizi wake. Historia nayo ina mzaha wake.

Kwa mtumishi wa kanisa, upasuaji ule ulikuwa bure. Kwa Mwethiopia haukuwa bure hata kidogo. Ni mtu pekee katika simulizi nzima asiyeulizwa, asiye na jina wala ngamia wa kumsemea. Siileti hoja hii kuwashtaki watakatifu kwa maadili ya karne ya 21. Ile ilikuwa ndoto, na walioisimulia walitaka kuonyesha kwamba mwili ni mwili. Ninaileta kwa sababu tiba ya bure ina Mwethiopia wake mahali fulani. Sera yetu inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea wanatibiwa bila malipo. Nani hajasikia mama mjamzito akiambiwa aje na glavu, pamba na nyembe? Glavu zile ndizo mguu wa Mwethiopia: huduma imetangazwa bure, gharama ikahamishiwa kimyakimya kwa asiyeulizwa. Mara nyingine anayekatwa ni muuguzi asiyelipwa masaa ya ziada. Mara nyingine ni mgonjwa wa kesho atakayekuta kabati la dawa lina vumbi.

Aliyelielewa hili mapema ni Basili Mkuu. Akiwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia kuanzia mwaka 370, mara tu baada ya njaa kubwa, alijenga nje ya mji makazi ya wageni, maskini, wagonjwa na wenye ukoma. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo aliuita mji mpya. Katika barua kwa gavana Elia, Basili anaorodhesha waliohitajika: wauguzi, matabibu, wanyama wa mizigo, wasindikizaji, mafundi. Hiyo ni orodha ya mishahara na malisho ya punda. Basili hakumtoza mwenye ukoma, lakini pia hakujidanganya kwamba punda anakula sala. Aliwabana matajiri wafungue maghala, na Kaisari Valens, aliyegombana naye kwa mambo ya imani, alitoa mashamba kwa ajili ya maskini wale. Tukitafuta kielelezo cha hospitali, ni Basili. Kosma na Damiano ni kielelezo cha tabibu mmoja mbele ya mgonjwa mmoja. Kuwachanganya ndiko kunakozaa lawama kwamba hospitali za misheni kama Peramiho au Ndanda zimeusaliti utakatifu kwa sababu zina mhasibu. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya gharama za hospitali za misheni ililipwa na waumini wa Ulaya. Mgonjwa wa kwetu hakuwaona, akadhani hakuna aliyelipa. Wafadhili wale walipopungua, na uchangiaji wa gharama ukaanza hata katika hospitali za serikali mwaka 1993, bili ikaonekana kama uovu mpya.

Upande wa pili, wa wanaotetea malipo, nao una hoja zake, na dhaifu kuliko zote ni ile ya wahubiri wa uponyaji: kwamba fedha ya maji, mafuta na kitambaa si bei, ni mbegu, na mbegu hupandwa kabla ya mavuno. Wanajitetea kwamba hawalazimishi mtu. Ikiwa kuna mahali ambapo mapokeo ya kanisa la mwanzo hayana shaka yoyote, ni hapa. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alifuata fedha ya Naamani baada ya mtu kupona, tena kwa uongo, na ukoma ukamshika. Itakuwaje kwa anayeidai kabla? Petro alimwambia Simoni mchawi, aliyetaka kununua karama ya Mungu, “fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.” Mbegu inayopandwa na mwenye kansa usiku wa kuamkia upasuaji ndiyo ahadi ya aliye hatarini, neno kwa neno. Na asipopona anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo, kama Hermon aliyerudishiwa upofu. Hiyo ni Epidauro iliyowekewa vipaza sauti. Udogo wa kiasi hauokoi hoja. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha yule mzee aliyeitwa Babu wa Loliondo, na wengi wakasema bei hiyo inaonyesha mzee si tapeli. Inawezekana hakuwa tapeli. Lakini waliouza mbuzi kupata nauli, na walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona, walilipa zaidi ya shilingi 500.

Ipo pia hoja ya wachumi, kwamba cha bure hakithaminiwi, mgonjwa asipochangia atajaa kliniki bila sababu. Hii ina ukweli kiasi kwa vitamini. Haina ukweli wowote kwa uchungu wa kuzaa. Nimewahi kusimama nyuma ya mama mmoja kwenye dirisha la malipo la hospitali ambayo sitaitaja, akifungua fundo la pembe ya kanga, noti zikiwa zimekunjwa mpaka zimekuwa kama punje. Ndani wakamwambia, “Mama, mfumo unasoma kontroo namba haijalipwa, hatuwezi kumpeleka mtoto vipimo.” Akahesabu tena, kana kwamba hesabu ya pili ingezaa. Anayedhani mama yule alihitaji kufundishwa thamani ya huduma hajawahi kusimama pale.

Ukishika kipimo cha Valentiniano, mambo kadhaa yanapangika tofauti na tunavyoyajadili. Dipoziti kabla ya kumpokea mgonjwa wa dharura ni kosa, hata ikidaiwa na hospitali yenye msalaba juu ya paa, kwa sababu ni ahadi inayokamuliwa kwa aliye hatarini. Bili anayopewa mtu siku ya kuruhusiwa, ikiwa ya haki na akiweza kuijadili au kuilipa kidogo kidogo, si kosa. Ni mwenye afya anayelipia huduma aliyopata. Maiti iko nje ya yote mawili. Haina hatari ya kukimbia wala haiwezi kushukuru, na anayeizuia anapatana bei na msiba wa watu wengine kabisa, ambao huenda hata sahihi hawakuweka. Mahakama Kuu ya Kenya imewahi kusema kwamba maiti haiwezi kuwa dhamana ya deni, na sioni jinsi hospitali ya kanisa inavyoweza kuridhika na kiwango kilicho chini ya hicho. Deni halifutiki kwa hilo. Lidaiwe kwa njia ambayo madeni mengine hudaiwa, kwa walio hai na kwa karatasi.

Na bima, inayosemwa na baadhi ya wahubiri kuwa ni kutomtegemea Mungu, iko karibu na mapokeo haya kuliko “bure” yenyewe. Bima inafanya kazi pale tu wenye afya wanapotoa wakiwa bado na afya, ili aliye hatarini asiulizwe atatoa nini. Kwa hiyo pa kuikagulia si mahubirini. Tuangalie kama asiye na uwezo amelipiwa kweli au ameandikwa tu kwenye daftari, kama hospitali inarudishiwa fedha zake kwa wakati, na kama kitita cha huduma zinazolipiwa na bima kimeacha nje magonjwa yaleyale yanayouza mashamba. Hospitali isiyorudishiwa fedha itarudi dirishani, na mama yule atarudi kufungua kanga.

Kuhusu Palladia, simulizi haisemi Damiano aliyafanya nini yale mayai. Mimi nadhani aliyala.